Pumzi za Gerashtart

Chupa ilikuwa imetoka kwenye tanuri la kupozea vioo tangu juzi, lakini ndani yake ulikuwamo ukungu. Batnoam aliiinua juani. Ukungu ukafifia, ukarudi, ukafifia tena, kana kwamba mtu anahema mle.

"Nani kaipuliza hii?"

"Zakur," akajibu mumewe, Gerashtart, kisha akakohoa hadi akashika ukuta.

Zakur alikuwa fundi mgeni, wiki ya tatu tu katika karakana yao pale Sidoni. Tangu aje, Gerashtart, aliyezoea kupuliza kioo kutwa nzima, hakuweza kupanda hata ngazi tatu. Batnoam akaanza kumvizia mgeni. Akamwona akichota kioo cha moto kwa ncha ya bomba la chuma, akikiviringisha juu ya jiwe, akipuliza. Kioo kilivimba kama komamanga, lakini mashavu yake yalitulia tuli. Kifua cha Gerashtart, hatua mbili pembeni, ndicho kilichonywea.

"Baba Arish," Batnoam alimnong'oneza mumewe, "huyu si mtu."

"Acha umbea, mke wangu. Fundi kama huyu utampata wapi?"

 Batnoam alirudi kwenye rafu ya vyombo vya Zakur, akaweka ile chupa sikioni, akasikia pumzi, zikipanda na kushuka, na mwisho wa kila pumzi ule mluzi mwembamba wa puani aliolala nao kwa miaka kumi na tisa.  Chupa ikamponyoka, ikapasuka, na nyuma yake Gerashtart akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka majini.

Zakur akageuka taratibu. "Mama, hivyo ni vyombo vya watu."

"Watu gani?"

Akatabasamu. Kinywani mwake hamkuwa na ulimi wala meno, wekundu mtupu kama mdomo wa tanuri. Batnoam akanyakua fimbo ya chuma, akapiga rafu ya kwanza, akapiga ya pili, vigae vikimrukia usoni, joto likimkaribia kisogoni, naye akipiga tu bila kutazama nyuma. Alipogeuka, bomba la Zakur lilikuwa likibiringika sakafuni, mwenyewe hayupo.

"Umezimaliza?" Gerashtart akauliza.

"Zote za hapa."

"Na zile kumi na mbili? Alizipakia mwenyewe jana. Meli imeondoka asubuhi, kwenda Rumi."

Miezi miwili baadaye, wakila dengu mchana, harufu kali ya waridi ikajaa chumbani.

"Umejipaka nini, Baba Arish?"

Gerashtart akafungua kinywa ajibu. Mafuta yakamchuruzika kidevuni, tone kwa tone, kana kwamba mtu huko Rumi anajaza mojawapo ya zile chupa hadi shingoni.