Ng'ombe ya Bwana Filimbi

— Rudi nyuma, Isidore! Geuza hii motokari sasa hivi!

— Nigeuze wapi, Séraphine? Huone kamyo ziko nyuma yetu? Leo njia ni ya kupanda tu. Kushuka ni kesho!

— Basi ujibu! Ile ng'ombe ulipeleka kwa papa, ulitoa wapi?

— Nilinunua.

— Kwa nani?

— Kwa batu.

— Batu gani? Angalia kule! Angalia muzuri!

Séraphine akapiga kioo na kidole. Mbele ya bariyeri, ule muti wa kufunga njia, kundi ya ng'ombe ilikuwa inakata njia polepole, majivu imezijaa ku mugongo. Kila moja ilikuwa na alama ya chuma ya moto ku paja: duara, na musalaba ndani. Alama ile aliijua. Aliiona kila asubui kule kwa papa yake, Nyantende, ku paja ya ng'ombe yenye ilimufanya bibi ya Isidore.

— Hizi ng'ombe ni za nani?

Isidore akakamata kitambaa, akaanza kupangusa kioo. Kioo ilikuwa safi.

Kwa Bashi, kabila yabo, hii maneno haikuwa na mafumbo. Padri anaweza kubariki, mukubwa wa serkali anaweza kuandika, lakini mwenye ng'ombe njo mwenye bibi. Ndiyo maana muzee Bulonza, baba ya Séraphine, aliacha binti yake apande motokari na huyu shofere kabla ya misa ya ndoa. Ng'ombe ilishaingia ku lupango, mu uwa ya nyumba yake. Mambo ilikuwa imeisha.

Balitoka Nyantende na giza ya asubui, bakicheka. Isidore alimuambia banaenda kuona kazi yake, ile nyumba ya wageni chini ya mulima wa moto, fasi bazungu banalipaka juu ya kuangalia moto usiku. «Tutalala kule kama bakubwa, siku ya mungu, ku misa, padri anatufungisha ndoa.» Ku Kalehe alimununulia ndizi za kuiva. Akamuimbia mupaka akashika tumbo na kicheko. Lakini kisha kupita Sake, ziwa ikabakia nyuma, mawe nyeusi ikaanza, na kicheko ikamalizika yenyewe. Ndege hazikuwa. Majani ya kando ya njia ilikuwa ya rangi ya jivu.

Mulinzi wa bariyeri, muzee Almasi, akakuja ku dirisha na meno yote inje.

— Jambo, Isidore! Umeleta ingine?

— Muzee, fungua.

— Huyu iko muzuri kupita yule Rosalie wa Bagira, eh! Bwana yako, Bwana Filimbi, alipita hapa asubui. Akasema: bibi yangu anafika leo, musimucheleweshe.

— Bibi ya nani? Séraphine akauliza.

Muzee akamuangalia, akaangalia Isidore, kicheko ikamukauka ku kinywa.

— Mi ni mutu wa bariyeri, maman. Ninafunguaka, ninafungaka. Bingine sijue.

Séraphine akatupa mukono ku mulango. Akapapasa. Akapapasa tena. Fasi ya mukono ya mulango ilikuwa tundu tu.

— Iko wapi, ya kufungulia?

— Ilivunjikaka.

Bariyeri ikainuka. Motokari ikapita. Nyuma yabo ule muti ukashuka, pwaa, kama mutu anafunga sanduku.

Ku kinywa ya batu bote Bukavu, Rosalie alikuwa mufano ya kutisha babinti. Alienda kazi bila mutu kujua wapi, akarudia na mutoto mwenye nywele kama ya mahindi. Baba yake hamuachi akae hata ku moto ya jikoni. Batu balimuuliza nani alimupeleka. Hakusema hata siku moja.

— Njo we ulimupeleka, Séraphine akasema.

— Nilikuwa shofere tu.

— Na kwangu uko nini?

— We ni tofauti. We nakupenda!

— Unanipenda na ng'ombe ya nani?

Isidore akapiga usukani na ngumi.

— Papa yako alikatala franka! Alisema anataka kitu yenye kulia ku lupango! Mi papa yangu alikufia ku mine ya zahabu kule Kamituga, hakuniachia hata mbuzi. Ningetoa wapi? Bwana akasema: kamata ng'ombe moja, umulete ule binti ashone rido, pazia za nyumba ya wageni, mwezi moja, kisha muoane. Rido, Séraphine! Si unajua kushona?

— Na Rosalie alishona rido ngapi?

Isidore akakaza macho ku njia.

— Uliamini, Isidore?

— Nilitaka kuamini.

— Aa. Hiyo si kuamini. Hiyo ni kufunga macho na kukanyaga mutu.

Jua ikaanguka. Mulima ukatokea kati ya moshi, kichwa yake nyekundu kama kaa la moto lenye mutu anapuliza. Wingu juu yake ilikuwa inawaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Asubui Isidore alisema ni butamu kuona. Sasa Séraphine aliona ni jicho.

Motokari ikasimama mu kiwanja. Ku baraza taa moja, na kando ya taa, muzungu munene na nguo nyeupe. Hakuita jina. Huyu Bwana alikuwa anaita batu na filimbi: mara moja ni imbwa, mara mbili ni shofere.

Filimbi ikalia mara mbili.

Mwili ya Isidore ikaruka. Mukono ilikuwa tayari ku mulango wake kabla hajafikiri.

— Umeona? Séraphine akasema polepole. Mwili yako inamusikia yeye kuliko mimi.

— Séraphine...

— Ukishuka, utamuambia nini?

— Nitasema umechoka. Kesho tutaona vile...

— Kesho nitakuwa nashona rido.

Isidore akaingiza mukono mu mufuko ya suruali, akatoa kitu ya chuma, akaiweka ku magoti ya Séraphine. Ilikuwa mukono ya mulango.

— Rosalie alirukaka inje, kule ku mawe, akarudishwa. Bwana akaniambia niitoe.

— Ilikuwa mu mufuko yako njia yote?

— Njia yote.

— Wakati uliniimbia?

— Njia yote, Séraphine.

Hakulia. Akaikamata. Chuma ilikuwa na joto ya paja ya Isidore, na ile joto ikamuumiza kupita matusi yote alitaka kumutupia.

— Nenda umuambie ng'ombe yake inarudi. Mi mwenyewe nitaileta na miguu, mupaka ku ile bariyeri. Kuanzia leo mi si bibi ya mutu. Ukinitaka, utafute ng'ombe yako mwenyewe, hata ikuwe na miguu tatu.

— Atanifukuza. Anaweza kunifungisha.

— Najua.

— Ananizalilisha mbele ya batu bote.

— Rosalie naye alizalilishwa. We ulikuwa unaendesha.

Filimbi ikalia tena, mara mbili, ndefu. Imbwa zikaanza kubweka nyuma ya nyumba. Taa ya ku baraza, mu mukono ya Bwana, ikashuka ngazi ya kwanza.

Isidore akavua kasiketi, ile kofia ya kazi, akaiweka ku kiti. Safari hii mwili yake haikuruka na filimbi.

— Tia hiyo chuma ku tundu yake, ufunge na ndani, akasema. Usifungulie mutu. Hata anaita na jina yangu, usifungue. Mupaka usikie sauti yangu mwenyewe.

— Na kama sisikie?

Isidore akamuangalia. Nyekundu ya mulima ilikuwa mu macho yake yote mbili.

Akashuka, akafunga mulango, akatembea polepole kufuata ile taa, kumuambia Bwana ng'ombe yake inarudi.