Kiherehere na Waya za Betri

Kila asubuhi Kiherehere hupiga mswaki mbio mbio, hufagia uani, kisha hujifungia kwenye gari la mama kusikiliza redio. Jina hilo alipewa nyumbani, na jamani, alilistahili!

Basi ikafika siku ya bibi kupasuliwa jicho. Miezi minane alisubiri zamu hiyo! Mama akazungusha ufunguo. Kimya. Kumbe jana Kiherehere alisahau kuzima redio, betri ikaisha yote. Hospitali iko mbali, na basi pekee lilishaondoka alfajiri.

Jirani yao, mwalimu, akaleta gari lake kuukuu lisiloweza safari ndefu, na waya za kuamshia betri. Akaenda kuchukua miwani.

"Usiguse kitu," mama akasema, "namvisha bibi yako viatu."

Akagusa! Vishikio vyote vya waya vilikuwa vimezungushiwa utepe mweusi, chekundu na cheusi havijulikani, akabahatisha tu. Ta! Cheche zikaruka, harufu ya kuungua ikapanda. Akavichomoa, akavigeuza, akasimama kando kama malaika.

"Nani kaunga?" mwalimu akauliza.

"Mimi. Si nimeunga sawa?"

Mwalimu akatazama. Kweli, sawa. Mama akajaribu tena. Sasa hata taa za dashibodi zikagoma kuwaka.

Fundi akaitwa. Akapima betri, akakwangua kutu, akaingia uvunguni kukagua stata, mota ya kuwashia injini. "Mama, gari lako limenuna hili!"

Hakuna aliyecheka. Saa tatu, saa ya zamu ya bibi, ikapita. Bibi alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma, mkoba magotini.

"Tutaomba zamu nyingine," akasema taratibu.

"Zamu gani, mama? Daktari alisema jicho halisubiri!" Mama akaegemea boneti, akalia waziwazi.

Kiherehere hakuwahi kumwona mama akilia. Aseme, achapwe? Anyamaze, bibi apofuke?

"Fundi... niliunga vibaya kwanza. Kulitoka cheche."

Fundi akatoka uvunguni, uso mweusi kwa grisi. "Binti yangu! Saa nzima natibu mahali pazima!"

Akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa ile kubwa. Imekatika katikati. Akaweka mpya, akamwonyesha Kiherehere alama ya kujumlisha kwenye betri. "Hii ndiyo unayoisoma kabla ya kuunga. Hapa hatubahatishi." Akaunga waya upya, gari likanguruma.

Walifika saa nne na nusu. Muuguzi alishalifuta jina la bibi kwenye orodha. Wakakaa kwenye benchi, Kiherehere anahesabu vigae vya sakafu machozi yakimdondoka. Alasiri ndipo daktari akakubali kumchukua bibi, wa mwisho kabisa.

Bibi alipotolewa, bandeji jichoni, alimpapasa mjukuu wake kichwani.

"Mjukuu wangu, kukosea waya kumetuunguzia fyuzi tu. Kunyamaza ndiko kulikotaka kuninyang'anya jicho."