Jina Chini ya Picha

Kabati halikuvunjwa. Hilo ndilo lililomgusa kwanza Sajini Idarusi alipoingia kwenye maabara ya mkonge huko Pongwe, Ijumaa moja asubuhi, mwaka wa hamsini na sita. Makala ya Dokta Badr yalikuwa mezani, maneno yote yamo, lakini kila picha imekatwa kwa wembe, taratibu, bila kugusa hata herufi.

"Meli ya barua inaondoka kesho," alisema Dokta Badr, mtu mtanashati, kofia ya viua kichwani. Alikuwa akichunguza chembe za mkonge, zile ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo mmea mzima umejengwa nazo. "Makala haya yasipokwenda na picha zake, Dokta Lea, bibi mmoja wa Uswisi, atanitangulia kueleza jinsi chembe zinavyogawanyika. Kazi yangu yote imekwenda na maji."

"Huyo Lea mna ugomvi?"

"Hatujapata kuonana. Ila ndiye anayesomwa kuliko wote, kila anayeandika lazima amtaje. Hata mimi nimemtaja karibu kila ukurasa."

"Na wewe unatajwa?"

Kabla Badr hajajibu, mtu alicheka mlangoni. Alikuwa Turki, mtafiti mwenziwe. "Anatajwa sana siku hizi, Sajini, kwa ajili ya hizo picha. Mimi na makala yangu yote hajanitaja hata shemeji yangu."

"Ufunguo wa kabati unao?"

"Tunao sisi wawili. Na wivu ninao pia, usisumbuke kuuliza. Majarida yakija na meli nikaliona jina lake, chakula hakipiti. Lakini ningekuwa mimi ningevunja hivi." Alionyesha kasanduku ka vioo, kila kioo kimebandikwa kijipande cha mzizi. "Picha huchorwa upya. Vioo vikivunjika, hana ushahidi tena."

Kasanduku kalikuwa ndani ya kabati lile lile. Hakuna kioo kilichoguswa.

Idarusi akainamia darubini. Aliona viduara vimebanana, kila kimoja na kiini chake katikati. Kimoja kimeminywa kiunoni, kinataka kuwa viwili.

"Basi chora upya, Dokta. Vioo viko, na mchana ndio kwanza unaanza." Akampa penseli.

Badr aliishika, akaitazama, akaiweka chini. "Mkono unatetemeka kwa hasira."

Mkono haukutetemeka. Idarusi akainua macho mpaka kwenye kofia. Uzi wa hariri ulikuwa umeshona viduara vimebanana, kila kimoja na kiini, na kimoja kimeminywa kiunoni. Mama yake Idarusi alikuwa mshona kofia Tongoni; ua la namna ile hakupata kuliona popote.

"Nani aliyekushonea?"

"Mke wangu. Limekuwa kosa lini?"

"Twende kwako Mabawa, na makala uyachukue. Na wewe, Bwana Turki, panda gari."

Shemsa, mkewe Badr, aliwapokea sebuleni, mtandio ameuvuta mpaka kwenye paji la uso.

"Picha unazo, bibi?" Idarusi aliuliza.

"Ninazo. Nimezichora mimi, kwa nini nisiwe nazo?"

"Shemsa," alisema Badr.

"Niache niseme. Kila Jumapili, maabara tupu, hunipeleka nikakaa kwenye darubini mpaka macho yakaniuma. Mimi najua herufi za Kiarabu tu, nikamwomba Bwana Turki anisomee makala. Lea amesema, Lea ameona, mwisho namshukuru Lea. Nikauliza, na mimi je? Akanambia, wewe humo hata nukta. Akanipa na ufunguo."

"Uliniomba," alisema Turki.

"Nikaomba, ukatoa mbio. Ulikuwa unangoja."

Badr akamgeukia mkewe.

"Unamwonea wivu mtu hata sura hatuijui?" Badr aliuliza.

"Simwonei sura. Namwonea jina."

"Jina la mke wangu lisomwe na wanaume wa London, waulizane huyu nani? Mimi sina ghera ya kumsitiri mke?"

"La Lea wanalisoma hao hao, na wewe unamheshimu."

Idarusi alikohoa. "Dokta, umeripoti wizi. Kabla sijamchukua bibi kituoni, niapie jambo moja: nani aliyechora? Ukiapa ni wewe, huyu mwizi. Ukiapa ni yeye, hakuna kilichoibwa."

Badr alivua kofia. Akalipitisha dole gumba juu ya ua la hariri.

"Yeye," alisema mwishowe. "Zote amechora yeye."

"Basi kesi imekwisha. Ya ufunguo, Bwana Turki, utawaeleza wakubwa zako."

Shemsa aliingia ndani, akarudi na picha zimekunjwa ndani ya kanga. Alizipakata, kiganja juu yake. "Andika kwanza."

Badr akatoa kalamu, akaandika kwenye makala, chini ya jina lake mwenyewe, akamsogezea ukurasa. Shemsa akampa Idarusi amsomee.

"Kaandika Shemsa," Idarusi alisoma.

"Mji huu kina Shemsa wako wengi," alisema Shemsa, kiganja hakijaondoka juu ya picha. "Andika na la baba yangu."