Nati Nyekundu ya Baba

Mama aliniachia debe la mahindi na agizo moja: kabla ya adhana ya magharibi liwe limefika kwa Mfaume kusagwa. Yeye akaenda kumjulia hali jirani aliyejifungua. Nikalitazama debe, debe likanitazama, nikarudi zangu chini ya mashine.

Ndiyo, chini ya mashine. Mimi Kudra binti Bwanaheri, Bachelor of Arts, Upper Second, mwaka wa tatu huu sina kazi. Barua zangu zinajibiwa kwa Kiingereza kitamu: we regret to inform you. Serikali imefunga ajira, mashirika yanauzwa, wenye kazi wanapunguzwa, na hapa Kibiti vijana wa kijiweni wananiita "Msomi" kwa sauti ileile wanayofukuzia mbuzi. Nifanyeje? Nikae nisuke ukili huku digrii imening'inia ukutani? I refuse. Nilichukua spana za marehemu baba.

Baba alikuwa fundi wa mashine za ushirika. Ushirika ulipokufa, walimpa shukrani na mashine mbovu ya kusaga, injini ya dizeli pamoja na kinu chake, vyote vimeliwa na kutu. Akaviweka bandani uani, juu ya magogo. Hakuwahi kuvifufua. Alikufa miaka miwili iliyopita, siku arobaini tu baada ya kumfungia Mfaume mashine mpya kutoka Dar. Tangu nirudi nyumbani, kila jioni nilifungua kipande, nikakiosha kwa mafuta ya taa, nikakirudisha. Mzungu angesema ni hobby. Mimi niliita ugomvi.

Jioni ile nilikuwa nimelala chali, nakaza boliti za chini. Kwa mbali mashine ya Mfaume ilikuwa inanguruma, kama kawaida. Mashine ile haikuwahi kuharibika. Haikuwahi kupumzika. Hata siku ya Idi.

"Spana kumi na saba," nikasema, maana nilisikia nyayo na nikajua mama amerudi.

Ngo. Ngo.

Chuma kiligongwa mara mbili juu ya kichwa changu. Hiyo ilikuwa desturi ya baba. Hakupenda kelele za "nipe" na "shika". Aliye juu anagonga mara mbili, aliye chini anafungua mkono. Basi. Nikafungua mkono. Spana ikatua. Ya baridi, utadhani imetolewa mtungini.

"Leo umekuwa fundi, mama," nikacheka. "Haya, kumi na tisa."

Ngo. Ngo.

Kumi na tisa ikatua.

"Mtoto wa jirani hajambo?"

Nikaendelea kukaza.

Harufu ikanifikia. Dizeli. Unga uliotoka kinuni, bado wa moto. Na nyuma yake... udongo. Udongo uliochimbwa leo.

"Kudra! We mtoto! Debe bado lipo hapa?"

Sauti ya mama.

Ilitoka barabarani.

Nilitoka chini ya mashine ile kwa kasi ambayo haikufundishwa chuo chochote. Bandani hapakuwa na mtu. Nikaitazama spana. Kwenye mpini palikuwa na alama za vidole, nyeupe, za unga.

Vidole vitatu.

Baba alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye mkanda wa mashine, enzi za ushirika.

Mama aliingia akiwa na maneno mengi mdomoni. Alipoiona spana, yakamwishia yote. Akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na kanga yake mpya.

"Unajua nini ambacho mimi sijui?" nikamuuliza.

"Punguza sauti."

"Mama."

Akanong'ona. Sehemu ya habari hii niliijua tangu utotoni: baba hakukaza nati ya mwisho ya mashine ya mtu. Aliitia tone la rangi nyekundu, akaizungusha kwa vidole tu, kisha akamkabidhi mwenyewe spana. Akaze kwa mkono wake, apige bismillahi. Alisema mashine humjua aliyeikaza nati ile, na ndiye itakayemfuata. Mimi niliona ni mbwembwe za mafundi.

"Mfaume alikataa," mama akasema. "Alimwambia, mimi si fundi, na kanzu yangu hii ya Ijumaa. Kaza zote."

"Na baba akakaza?"

"Akakaza. Akarudi hapa, chakula hakukigusa."

"Na siku ya mazishi?"

"Jeneza lilikuwa jepesi. Mjomba wako Muhidini alilibeba, akasema ni kama wamebeba mgomba."

"Mkanyamaza!"

"Tungesema nini, mwanangu? Sanda kainunua Mfaume."

Mgomba. Nimesoma sosholojia miaka mitatu. Nimeandika insha juu ya imani za msukule, nikapata alama A. Niliandika kwamba hadithi za wafu kulimishwa mashamba ni namna ya wanyonge kueleza utajiri wasiouelewa. Nzuri sana. Mhadhiri alipiga mstari chini yake. Ila mhadhiri yule hakuwahi kushika spana yenye vidole vya baba yake.

Hofu ilikuja, sikatai. Lakini ilikuta hasira imeshakaa kwenye kiti. Yaani baba yangu kafa, na bado ana kazi! Kazi isiyo na likizo wala mshahara, wala ile barua ya regret. Na mimi niliye hai natafuta kibarua hicho kwa miaka mitatu!

Nikajitwika debe. Spana kumi na tisa nikaichomeka kiunoni.

"Kudra, magharibi inaingia..."

"Ndiyo uliyonituma, mama. Kusaga."

Alinishika mkono. "Basi sikiliza. Ukisikia jina lako mara moja, usiitike. Mtu huita mara tatu. Kinachoita mara moja si mtu."

Mfaume alikuwa mlangoni mwa kibanda chake anajiandaa kwenda kuswali. Kanzu nyeupe pe, haina hata chembe ya unga. Mwenye mashine ya kusaga! Hilo peke yake lilitosha kuzua maswali, na hakuna aliyewahi kuuliza.

"Msomi!" akasema. "Kumbe wasomi nao wanakula ugali?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Weka debe dirishani, urudi baada ya sala."

"Na ukiwa msikitini nani anasaga?"

Akacheka, udi ukinukia kwenye pumzi yake. "Mwanangu, hili ni soko huria. Mashine za siku hizi zinajisagia."

Akafunga mlango kwa kufuli. Akaondoka, akiburuta makubazi yake taratibu. Nilimsubiri apinde kona. Kisha nikaingia kwa dirisha.

Ndani kulikuwa na weupe. Unga umetanda hewani mithili ya ukungu wa bondeni Rufiji. Mkanda unazunguka. Kinu kinasaga. Debe langu, nililoliacha dirishani sasa hivi, tayari lilikuwa juu ya kinu, linamiminwa.

Linamiminwa na nani?

Sikuangalia mara ya pili. Nilipiga magoti, nikalala chali, nikajisogeza chini ya injini huku inatetemesha meno yangu. Boliti nne. Ya nne nikaifuta kwa kidole. Tone jekundu.

Nikaweka spana. Nikavuta. Spana ikateleza, ikanitoka mkononi, ikaruka gizani kwenye unga. Nikapapasa. Hakuna. Nikapapasa tena. Mkanda ukapita karibu na nywele zangu...

Ngo. Ngo.

Nikafungua mkono.

Safari hii mkono ule haukuachia upesi. Vidole vitatu vilibaki juu ya vyangu. Vya baridi. Vigumu kwa sugu ninazozijua, maana ndizo zilizonifungia viatu siku ya kwanza ya shule.

Nikavuta kwa nguvu zote. Nati ikalia. Ikalegea. Ikadondoka kiganjani mwangu, ya moto.

Mashine ikanyamaza.

Hamjui kimya mpaka msikie kimya cha kitu kilichonguruma miaka miwili. Mbwa wa Kibiti nzima walianza kulia kwa pamoja.

Na ndani ya ule unga, karibu kabisa na sikio:

"Kudra."

Mara moja.

Nilimkumbuka mama. Nilikumbuka onyo lake neno kwa neno. Lakini tangu lini mtoto akaitwa na baba yake akajifanya kiziwi?

"Abee, baba," nikaitika.

Dirishani pazia la gunia lilisogea, kana kwamba kuna mtu katangulia kutoka.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja bandani. Mashine yetu nayo ilikuwa na nati moja nyekundu. Nilikuwa nimeizungusha kwa vidole tu, nimeiweka kiporo hadi siku ya kuiwasha, niikaze mwenyewe kama mwenye mali.

Ilikuwa imekazwa.

Juu yake kuna unga.

Niligusa tu hendeli ya kuwashia. Sikuizungusha. Mashine ikawaka, tuk-tuk-tuk, tamu kama ya dukani, na mama akapiga vigelegele ukumbini. Tangi lilikuwa kavu. Sikuwahi kununua dizeli.

Asubuhi Mfaume alipiga hodi. Hakuniita Msomi.

"Bi Kudra. Mashine yangu imekataa. Njoo unifungie, nitakuajiri. Ajira ya kudumu."

Ajira! Ya kwanza tangu nivae joho. Nikatoa nati yake mfukoni, nikamnyooshea.

"Hii hapa, mzee. Ikaze mwenyewe."

Aliingiza mikono yote miwili ndani ya mikono ya kanzu, mithili ya mtu aliyeonyeshwa kaa la moto. Akarudi kinyumenyume hadi barabarani. Kibanda chake kimefungwa hadi leo.

Wanawake wakahamia kwetu na madebe yao. Wiki nzima nilikuwa fundi, bosi, mtu. Hata kijiweni walinisalimia vizuri. Mama aliacha kuingia bandani. Aliona ugali, akanyamaza. Siku ya nane ndipo nilipochungulia tangi tena. Kavu. Nikatazama kanga yangu baada ya kusaga madebe ishirini. Safi. Haina hata chembe ya unga.

Safi kama kanzu ya Mfaume.

Nimezima mashine. Wenye madebe nimewafukuza, wanatukana njiani, acha watukane. Sasa ni magharibi na nimelala chali chini yake, spana kumi na tisa nimeichomeka ndani ya bomba la mita moja ili nipate nguvu, na nati nyekundu haijasogea hata unywele. Kaikaza kwa mapenzi, najua. Baba alikuwa hivyo. Lakini mimi nilitafuta kazi. Sikutafuta mfanyakazi.

"Nenda kapumzike, baba," namwambia. "Hii nitaifungua mwenyewe. Hata ikichukua mwaka."

Harufu ya udongo inakaribia.

Ngo. Ngo.

Mkono wangu mtupu nimeufumba. Kucha zinanichoma kiganja.

Ngo. Ngo.

Sifungui.