Kandambili za Gharibu

Majirani walibomoa ukuta ndipo rafiki yangu Gharibu akatoka. Alinisimulia mwenyewe.

Mama yake, asiyetupa hata kopo, alikuwa amehamishiwa Ikwiriri akauguzwe, naye Gharibu akaenda Kibiti kusafisha nyumba ya mama. Mlangoni alivua kandambili zake mpya. Asubuhi ileile alikuwa amezichonga herufi G, zisipotee msikitini. Akapenya kiubavuubavu kati ya madumu na magunia hadi chumba cha ndani.

Nyuma yake madumu yakaanza kuburutwa, taratibu, mpaka mwanga ukakatika.

"Nani wewe?"

Njia ilikuwa imezibwa. Akafukua kwa mikono kutafuta upenyo. Chini kabisa ya rundo alishika kifurushi, akakimulika kwa simu: kandambili zenye G ileile aliyoichonga asubuhi, zimefungwa kwa fundo la mama yake, visigino vimelika, zimejaa utando wa buibui.