Kasian Asilie Ndegeni

Oresta alikuwa na miaka sita na miezi miwili. Aliishi Lizaboni, mjini Songea, pamoja na Mama na Kasian.

Kasian alikuwa mdogo wake. Alikuwa na miezi minane, meno mawili, na sauti moja kubwa sana.
"Ngaaa! Ngaaa!"

Baba alikuwa Dar es Salaam, kazini. Aliondoka mwezi wa Februari. Kasian alizaliwa mwezi wa Aprili.

Kwa hiyo Baba hakuwa amemshika Kasian hata siku moja. Alimwona kwenye simu tu. Na kwenye simu Kasian alikuwa mdogo kama kidole.

Mwezi wa Desemba, Baba akatuma tiketi za ndege.

Binamu yake Oresta, Fabiola, akaja kuwaaga. Fabiola alikuwa na miaka tisa, na alijua mambo mengi.

"Mnapanda ndege na huyo?" akauliza Fabiola. Akamwonyesha Kasian kwa mdomo.
"Ndiyo," akasema Oresta.
"Mtarudishwa."
"Na nani?"
"Na rubani! Mtoto akilia ndegeni, rubani anageuza. Anawarudisha mlikotoka."
"Nani kakuambia?"
"Kila mtu anajua! Wewe utajua wapi? Hata basi la Mbinga hujapanda!"

Oresta hakumwuliza Mama. Aliogopa Mama naye angesema ni kweli.

Jumamosi asubuhi wakafika uwanja wa ndege. Mama alikuwa amembeba Kasian mgongoni. Kasian alikuwa amelala. Fuu... fuu... fuu...

Mama akainama. "Oresta, ndege si sebule yetu. Ni ya watu wengi. Kwa hiyo kuna kanuni tatu."
Akahesabu kwa vidole. "Miguu chini. Sauti chini. Mkanda kiunoni."

Oresta akarudia. "Miguu chini. Sauti chini. Mkanda kiunoni."
Kisha akaongeza moja yake, kimoyomoyo.
"Na Kasian asilie."

Wakapanda ngazi. Ka, ka, ka, ka. Wakaingia ndani.

Ndani kulikuwa na watu wazima wengi, wamekaa kimya. Wote walimtazama Kasian.

Nyumbani kwao, mtoto wa kike hampiti mtu mzima hivi hivi. Anapiga magoti, anaamkia. Bibi yake alimfundisha hivyo, na Oresta hakuwa amesahau.

Akapiga magoti kwenye safu ya kwanza. "Shikamoo."
"Marahaba."
Akamgeukia wa pili. "Shikamoo."
"Marahaba, mama."
Akamgeukia wa tatu. Akamgeukia wa nne. Akaenda safu ya pili.

Nyuma yake foleni ikasimama. Ikarefuka mpaka mlangoni. Ikarefuka mpaka chini ya ngazi, juani.

"Kuna nini huko mbele?" mtu akaita.
"Kuna mtoto anaamkia!"
"Anamwamkia nani?"
"Anatuamkia wote!"

Dada wa ndege akaja. Alikuwa na skafu nyekundu na tabasamu pana.
"Mwanangu, una adabu sana," akasema. "Lakini huku tunaamkia mara moja kwa wote, halafu tunakaa. Wenzako wanaungua jua."

Oresta akamtazama kwa jicho la pembeni. Mbona anacheka meno yote?
"Mh! Huyu simwamini," akasema moyoni.

Dada wa ndege akachukua begi lao. Akaliweka juu, kwenye kabati. Akalifunga. Tak!
Begi halikuonekana tena.
"Mh! Huyu simwamini kabisa."

Safu yao ilikuwa ya saba. Hadi leo Baba husema ilikuwa ya nane, lakini Baba hakuwemo.

Mama alikaa dirishani na Kasian mapajani. Oresta alikaa pembeni yake. Ng'ambo ya njia alikaa mzee mmoja mwenye koti la kahawia.

Huyu ni jirani, akawaza Oresta. Jirani lazima aamkiwe.
"Shikamoo, babu."

Mzee hakuitikia.

"Shikamoo, babu!"

Mzee akainua kidole kimoja. Mashavu yake yalikuwa yamevimba. Midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa.

Oresta hakuwa amewahi kuona mtu mzima asiyeitikia salamu ya mtoto.
"Mh! Huyu simwamini hata kidogo."

Mbele yao alikaa mama mwenye kilemba cha kijani. Akageuka. Akamtazama Kasian, juu mpaka chini.
"Na huyu atalia tu," akasema. "Nawajua hawa."

Oresta akashtuka. Akamtazama kwa jicho la pembeni.
"Mh! Na huyu simwamini."

Dada wa ndege akaja tena, na mkanda mdogo. Akaufunga kwenye mkanda wa Mama, kisha akamzungushia Kasian tumboni.
"Anamfunga mdogo wangu!" Oresta akanong'ona.
"Ni wa kumlinda," akasema Mama. "Wewe umefunga wako?"

Oresta akafunga. Klik!
"Miguu chini. Sauti chini. Mkanda kiunoni. Na Kasian asilie."

Nje, mapangaboi ya ndege yakaanza kuzunguka. Vrrrr! Vrrrrrr! VRRRRRR!

Kasian akafungua jicho moja. Akafungua la pili. Akakunja uso.

Mama akajifunika kitenge, akamnyonyesha haraka. Kgu, kgu, kgu. Ndege ikapaa. Songea ikawa ndogo. Kasian akanyonya mpaka mawinguni, kisha akalala tena. Fuu... fuu... fuu...

Oresta akashusha pumzi. Kumbe inawezekana!

Akafurahi sana, akasahau miguu yake. Miguu ikacheza. Du! Du! Du!

"Nani anapiga ngoma mgongoni kwangu?" akauliza mama mwenye kilemba.
Miguu ikasimama.
"Samahani, anti," akasema Oresta. "Ni miguu yangu."
"Iambie mimi si ngoma."
"Miguu, anti si ngoma," Oresta akaiambia. Akaishusha.

Dada wa ndege akaleta juisi na biskuti.
"Za kununua?" akauliza Oresta.
"Za bure."
Oresta akamtazama kwa jicho la pembeni. Akainusa juisi. Akaonja kidogo. Ilikuwa ya embe, na ilikuwa tamu. Akainywa yote, lakini bado hakumwamini.

Na yule mzee? Mzee alikuwa akimchungulia Kasian.
Akachungulia mara moja. Akachungulia mara ya pili. Halafu akatia mkono mfukoni, polepole. Akatoa kitu. Akakitupia mdomoni. Chwip!
Oresta aliona. Akamsogelea Kasian, akamkinga kwa bega lake.

Wakaruka. Wakaruka. Mawingu yakapita.

Kisha sauti ikasema juu, "Abiria, tunaanza kushuka. Tafadhali fungeni mikanda."

Masikio ya Oresta yakaziba, kana kwamba mtu ametia pamba.

Masikio ya Kasian nayo yakaziba. Lakini Kasian hakujua ni nini. Akaamka. Akakunja uso. Akafungua mdomo, meno yote mawili yakaonekana.
"NGAAAA!"

"Shh, Kasian!" akasema Oresta. "Shh!"
"NGAAAA!"

Mama akampa ziwa. Kasian akalisukuma. Mama akampiga mgongoni taratibu. Kasian akajinyoosha kama ubao.
"NGAAAA! NGAAAA!"

"Si nilisema?" akasema mama mwenye kilemba.

Ndipo Oresta akaona jambo la kutisha. Safari nzima, jua lilikuwa kwenye dirisha la Mama. Sasa bawa likainama. Jua likaondoka dirishani. Likapita juu ya vichwa vya watu. Likaenda kwenye dirisha la upande wa yule mzee!

Ndege ilikuwa inageuka.

Oresta akaitoa sauti yake yote, na haikuwa chini.
"Dada! Dada wa ndege! Mwambie rubani asigeuze!"

Watu wote wakanyamaza. Isipokuwa Kasian.

"Kasian ni mdogo, hakusudii!" akalia Oresta. "Nirudisheni mimi! Nishusheni Songea, mimi nitakaa kwa Bibi. Lakini Kasian apelekwe. Baba hajamshika hata siku moja!"

Mama akamvuta kifuani. Sasa alikuwa na watoto wawili wanaolia.
"Nani kakuambia ndege inarudi?"
"Fabiola. Mtoto akilia, rubani anageuza."
"Fabiola!" akasema Mama. "Na yeye amepanda nini zaidi ya baiskeli ya babu yake?"

Mtu mmoja akacheka. Mama mwenye kilemba akageuka. Hakucheka.
"Kumbe ndiyo maana umekaa kama askari," akasema. "Pole, mwanangu. Mimi nimelea wanne, na wote wamelia ndegeni. Hakuna aliyerudishwa hata mmoja."

Kisha yule mzee akatoa leso. Akaiweka mdomoni. Akatoa peremende moja kwenye shavu la kulia. Akatoa nyingine kwenye shavu la kushoto.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema.

Oresta akamtazama.

"Uliponiamkia nilikuwa nimejaza mdomo," akasema mzee. "Ndege ikipanda, masikio yananiuma. Ikishuka, yananiuma. Nikifyonza na kumeza mate, yanafunguka. Basi peremende nazitia mapema, nisichelewe."

"Na mbona unamchungulia Kasian?"

"Nilimwonea huruma. Nilijua yatamuuma na yeye."

"Na ndege?"

"Ndege haijageuza. Inakata kona, itazamane na njia ya kutua. Dar es Salaam iko hapo chini."

Oresta akafuta machozi. "Basi mpe Kasian peremende."
"Hapana! Mtoto mchanga atapaliwa. Lakini kuna dawa isiyo na peremende. Piga mwayo. Mkubwa."

Oresta akafungua mdomo. "Aaaaaah!"
Pu! Masikio yake yakafunguka.

Lakini mwayo haukai mahali pamoja. Mwayo unaambukiza.
Mzee akapiga mwayo. "Aaaaaah!"
Mama akapiga mwayo. "Aaaaaah!"
"Msinianzie miayo yenu hapa," akasema mama mwenye kilemba. "Mimi si mtu wa... aaaaaah!"

Mwayo ukaenda safu ya sita. Ukaenda safu ya tano. Ukaruka njia, ukaenda nyuma. Dada wa ndege, kwenye kiti chake, akaziba mdomo kwa skafu nyekundu. "Aaaaaah!"

Kasian akanyamaza.

Akamtazama Oresta kwa jicho la pembeni. Akamtazama mzee kwa jicho la pembeni. Akamtazama mama mwenye kilemba. Watu hawa wazima wana nini? Sasa yeye ndiye alikuwa na mashaka.

"Mpe, mama, mpe sasa hivi!" akanong'ona mama mwenye kilemba.
Mama akajifunika kitenge. Kasian akashika ziwa. Kgu. Kgu, kgu. Kgu, kgu, kgu.

Du! Grrrrrrr! Ndege ikatua.

Dada wa ndege akafungua kabati. Tak! Begi lilikuwemo.
"Leta, nitabeba mimi," akasema mama mwenye kilemba. "Mwenye mtoto habebi begi nikiwepo."
Mzee akasimama njiani, akazuia watu. "Watoto kwanza," akasema.

Nje kulikuwa na joto. Nje ya mlango mkubwa wa kioo alisimama Baba. Alikuwa amevaa shati jeupe, na alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu.

"Baba!" Oresta akakimbia. Baba akamrusha juu, akamdaka, akambusu.

Kisha Baba akanyoosha mikono kwa Kasian.

Mama akampa mtoto. Kasian akamtazama Baba. Akatazama kidevu. Akatazama masikio. Mdomo wake wa chini ukaanza kucheza.

"Baba, mrudishe kwa Mama, atalia!" akasema Oresta.

Akachelewa.
"NGAAAAAA!"

Watu wote wakageuka. Madereva wa teksi wakageuka. Oresta akaruka kumziba Kasian mdomo.

"Mwache, mama," akasema Baba. "Mwache alie."

"Lakini Baba, anapiga kelele!"

"Miezi minane nasikia sauti hii kwenye simu, inakatikakatika," akasema Baba. "Leo naisikia yote."

Akamkumbatia Kasian, akafumba macho, akasikiliza. Kasian alilia mpaka akachoka. Kisha akaweka kichwa kwenye bega la shati jeupe, akalilowesha lote.

Usiku ule Kasian aliamka akilia mara mbili. Baba aliamka mara mbili.

Oresta hakuamka hata mara moja.