Maji ya Dawa

Turc, mbwa wa Bwana Julien, alikutwa asubuhi amekufa nje ya ua wa miiba uliozunguka bwawa, povu mdomoni. Na kwa kuwa alikuwa mbwa wa Mzungu, polisi wa Goma walifika kabla ya nzi. Angekuwa mbuzi wa mtu wa mtaa wa Katindo, mngengoja mpaka Pasaka!

Sajenti Kamate, mpelelezi wa kituo, alimkuta mtuhumiwa tayari ana pingu, na ufunguo wake uko mfukoni mwa Bwana Julien. Huyo alikuwa Nsanzimana, mtunza bustani. Ndiye aliyetia bwawani dawa ya kuua magugu maji, ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo, na mwezi uliopita Turc alimng'ata mwanawe.

"Ni yeye," alisema Bwana Julien. "Mpeleke gerezani leo hii."

Daktari wa mifugo alipasua tumbo la mbwa. "Aseniki," alisema. "Ileile ya bwawani."

Kamate hakuridhika. Kesi inayoiva kabla ya kupikwa ilimtia shaka siku zote. Aliinama akainua miguu ya mbwa. Kando ya bwawa palikuwa na tope jeusi tupu, lakini makucha ya Turc yalikuwa makavu, yamejaa majivu. Shingoni alikuwa na masizi.

"Mbwa alipitia wapi?" alimuuliza Nsanzimana.

"Hakupita, Papa Sajenti. Miiba iko vilevile."

"Basi wewe ulimupa sumu."

"Hapana! Niko na watoto wane. Nikienda gereza, nani atawalisha?"

"Mutoto wako aling'atwa."

"Aling'atwa. Nilikasirika, ndiyo. Lakini kuua, hapana!"

"Watu wa kambi ya wafanyakazi uliwaambia nini juu ya bwawa?"

"Ile Bwana aliniambia: Musiguse, maji iko na dawa."

Kamate alipangusa masizi kwa kidole. "Huyu mbwa alizoea jiko la nani?"

Nsanzimana akasita, akatazama chini. Shaka ikampanda Kamate upya.

"Sema, wewe!"

"La Mama Kanyere, mufua nguo. Anamupatiaka mifupa."

Majivu, masizi, jiko. Kama mbwa hakuyafuata maji, basi maji yalimfuata mbwa, na kama kuna mtu aliyeyachota, yaliyobaki yako wapi? Kamate aliondoka mbio, Bwana Julien nyuma yake akiuliza kuna nini.

Kanyere alikuwa amechuchumaa mekoni akikoroga uji. Binti yake Kahindo, mgonjwa wa tumbo, alishika kikombe akisubiri. Mikono ya mama ilikuwa na mikwaruzo mibichi ya miiba.

Kamate aliipiga sufuria teke. Uji ukamwagika motoni.

"Yesu wangu!" Kanyere alipiga kelele. "Chakula ya mutoto!"

"Maji ya uji ulichota wapi?"

"Kwenye ziwa."

"Usinidanganye, mama. Nani alikukwaruza hivyo?"

Kanyere akaficha mikono chini ya kitenge.

"Mutoto alikunywa?" Kamate alichungulia kikombe cha Kahindo. "Nijibu! Alikunywa?"

"Bado. Jana jioni niliacha maji itulie kwenye sufuria, hapa kwa jiko. Turc akaingiza kichwa, akanywa, nikamufukuza. Leo nikaichemusha."

"Ulisikia Turc alikufa?"

"Nilisikia. Walisema juu ya sumu." Kanyere alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini pale bwawani iko dawa."

"Dawa gani?" Kamate aliuliza.

"Mwaka jana maji ya ziwa iliniulia kijana," Kanyere akaungama, machozi yakimtoka. "Muganga wa dispansari alitufundisha: kunyweni maji yenye dawa. Nsanzimana akasema ile iko na dawa, tusiguse. Nikaona na miiba. Papa Sajenti, kila kitu kizuri cha Wazungu iko ndani ya lupango, nyuma ya ua. Nilifikiri na hii wanajiwekea wao. Basi niliiba. Nilipenyeza mukono, nikachota kwa kibuyu. Nifunge, lakini mutoto wangu asife kama yule."

Bwana Julien alisimama mlangoni, uso umemwiva.

"Ni sumu, mama," Kamate alisema polepole. "Hata ukichemsha, ni sumu. Hakuna aliyekuambia jina lake." Kisha akamgeukia Bwana. "Ufunguo wa zile pingu, tafadhali."

Kanyere aliutazama uji uliomwagika, ukitoa moshi kwenye majivu. Ndipo akaelewa. Alimnyang'anya Kahindo kile kikombe kitupu, akakitupa mbali, akamkumbatia.

Kahindo alilia kwa njaa, akalia sana. Mama yake akamshukuru Mungu, akamwacha alie.